Chekeche Lililoogopa Mbuzi

Kitu kikitafutwa kisipatikane, kipo?

Niliingia na swali hilo katika Nyumba ya Waliosema, na kama ilivyo desturi ya mahali pale, bawabu hakuniuliza jina. Aliniuliza nimekuja kutafuta nini. Nikamwambia: mdogo wangu ana kifafa na ana mimba, anataka kujua kama dawa ya buluu anayokunywa itamdhuru mtoto. Basi tangu hapo nikaitwa hivyo hivyo. "Karibu, Dawa-ya-Buluu-na-Mimba," alisema bawabu bila kutabasamu, akanisogezea kigoda. Jina langu la kuzaliwa lilibaki nje pamoja na viatu, nami sikulililia. Mtu akiwa na swali linalomuuma, majina yake mengine hayana kazi kubwa.

Mdogo wangu yeye alibaki na jina lake, kwa kuwa hakuuliza kitu. Mwatime alikaa kizingitini, mgongo ndani, miguu nje, mkono mmoja juu ya tumbo na wa pili umefungwa kitambaa. Alikuwa ameacha dawa. Mume wake alimwambia aache, mama mkwe akamwambia aache, jirani aliyekuja kuazima chumvi naye akasema aache, maana tumbo likishaonekana kila mpita njia hujiona ana hisa ndani yake. Akaacha. Jana yake alianguka jikoni, mkono ukatua juu ya jiko la mkaa. Nilipofika nilimkuta anautazama mkono wake kwa mshangao tu, hata hajalia. "Dada," aliniambia, "nikinywa naogopa, nisipokunywa naanguka. Nitafutie neno moja tu la kushika." Nikamshika mkono uliokuwa mzima, tukaja.

Niieleze Nyumba yenyewe, ingawa kila ninapoieleza hubadilika kidogo. Haina paa wala ukuta wa nyuma. Ndani yake anaishi kila aliyewahi kuutazama mwili wa binadamu kwa makini akasema alichokiona. Ni watu, lakini kila mmoja ni wengi: ukimkazia macho usoni utaona nyuso zinapishana, kwa sababu aliyewatazama wagonjwa wengi huja nao wote chini ya ngozi yake. Wamekaa bega kwa bega hadi macho yanapoishia. Wapo wanaosema kweli, wapo waliokosea, wapo waliosema kweli kwa sababu zisizo za kweli. Na hawasemi mpaka waitwe. Hilo ndilo lililonitisha siku ile, kwamba jibu la mdogo wangu huenda limekaa pale pale mbele yangu, limefumba mdomo kwa adabu, linasubiri kuitwa na mtu asiyejua kuliita.

Wako wafanyakazi wanaopita kuwavisha ushanga shingoni, kila rangi na maana yake, ili wajulikane. Kazi nzuri, lakini wanaoingia ni wengi kuliko mikono ya kuvisha, na wavishaji nao ni watu, huchoka, huumwa meno. Wengine wamevishwa ushanga usio wao. Wengine wamekaa shingo tupu tangu walipofika. Kwa hiyo mwenye swali hawezi kutegemea shingo peke yake. Anahitaji chekeche.

Machekeche ya Nyumba ile husukwa na Bi Sikudhani. Nilimkuta ameketi katikati ya nyuzi zake, kanga begani, uzi mmoja umemning'inia mdomoni.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, Dawa-ya-Buluu. Kaa. Na usilie hapa, nyuzi zikilowa zinalegea."

"Sijalia, Bibi."

"Utalia. Wote hulia wakifika chekeche la pili."

Nilimchukia kidogo kwa neno lile. Baadaye nilimpenda, lakini nisitangulie.

Chekeche la kwanza alilonipa lilikuwa la Warusha Shilingi. Hawa ndio wakubwa wa Nyumba. Hao huwagawa wagonjwa kwa kurusha shilingi: ikianguka kichwa mgonjwa anapewa dawa, ikianguka mwenge anapewa maji yaliyotiwa rangi, kisha wanahesabu waliopona. Wana haki ya kujivuna, maana shilingi haina rafiki wala haina huruma, haimpi dawa mwenye nguvu ikamnyima dhaifu. Na kuwatafuta ni rahisi, kwa sababu wote wakiulizwa hujibu kwa sauti moja: tulirusha shilingi. Unasuka uzi mmoja tu, unamaliza.

Chekeche lilitundikwa kwa kamba nne, ukubwa wake kama uwanja wa mpira. Ukivuta kamba, Nyumba nzima hupita juu yake na kuanguka, wakabaki unaowataka. Usiniulize inawezekanaje. Nilivuta. Watu walipita kwa mlio wa mvua juu ya bati, na vumbi lilipotulia nikatazama juu ya chekeche. Patupu. Hapakuwa na hata unyayo.

"Hakuna!" alinadi bawabu.

Hilo ndilo jibu linalotolewa sana katika Nyumba ile, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Hakuna. Mtu analibeba hadi nyumbani, na njiani linaota miguu. Kwa mume linafika likiwa hakuna usalama. Kwa muuza dawa linafika likiwa hakuna madhara. Kwa mama mkwe linafika likiwa sikukwambia? Kumbe halikusema lolote kati ya hayo. Lilisema tu kwamba hatukumwona mtu tuliyemwita kwa jina tulilomwita. Ni mara ngapi tumelala njaa kwa sababu aliyetumwa sokoni alirudi akasema hakuna, na hatukumuuliza alitazama meza ipi?

"Ulitegemea nini?" Bi Sikudhani aliniuliza, huku akikunja chekeche lile. "Nani atarusha shilingi juu ya tumbo la mtu? Wewe ungekubali wamrushie mdogo wako?"

"Nisingekubali."

"Basi. Akina mama wajawazito hawarushiwi. Wanatazamwa tu. Jibu lako, kama lipo, liko kwa Watazamaji. Na hao, mwanangu, ndio walionitia mvi."

Akaniambia kwa nini. Watazamaji hawana sauti moja. Hawakugawa mtu, hawakumpa mtu kitu. Walikaa pembeni ya maisha ya watu wakaangalia. Lakini ukiwauliza mmefanya nini, kila mmoja anajieleza anavyojua yeye. Huyu anasema: tuliwafuata miaka. Yule: tulirudi nyuma tukawauliza walikula nini. Mwingine: tulichukua wagonjwa tukawaweka pamoja na jirani zao wazima. Mwingine: tulipita nyumba hadi nyumba siku moja. Wengine hawasemi kabisa walivyofanya, wanaanza moja kwa moja na walichokiona, kama mgeni anayeingia sebuleni bila kupiga hodi. Neno mtazamaji lenyewe wachache sana hulitamka. Ungesuka chekeche kwa neno hilo pekee ungepata watu wa kujaza benchi moja, ukaenda zako ukidhani umewaona wote.

"Kwa hiyo ulifanyaje, Bibi?"

"Nilishuka mwenyewe ukumbini." Hapo uso wake ulichangamka, akawa msichana. "Nilimshika mkono mmoja mmoja, nikamsikiliza. Kila aliyekuwa mtazamaji kweli nilimpaka chokaa kwenye paji la uso, na maneno aliyoyasema nikayafanya uzi. Nikasuka. Kisha nikawamwaga wote wa chokaa juu ya chekeche nione watakaoanguka. Hakuanguka hata mmoja! Hata mmoja, mwanangu. Watu walicheza ngoma hapa."

Chekeche lake lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Nyuzi za kila rangi, za ushanga na za sauti, zimepishana kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona. Nilivuta kamba kwa matumaini yote niliyokuwa nayo, na safari hii watu walibaki. Wengi mno. Chekeche la namna hiyo lazima liwe na ukarimu. Ukilikaza upate wasafi watupu, unayemtaka ataanguka pamoja na wengine. Ukililegeza, unapata kazi. Nikaingia kazini. Mmoja alibakizwa kwa kusema "tulifuata", kumbe walifuata maelekezo ya wakubwa wao. Mmoja alikuwa amewatazama wazee. Mmoja aliijua dawa ya buluu lakini kwa wanaume tu, tena wanajeshi. Mmoja alijua mimba vizuri sana lakini dawa yake ilikuwa ya malaria. Niliwauliza wote. Wengine niliwauliza mara mbili kwa kuwa nyuso zao zilikuwa zimebadilika nilipogeuka. Kila mmoja alitikisa kichwa kwa upole.

Nikalia. Bi Sikudhani hakusema nilikwambia. Alisogeza nyuzi zake pembeni tu.

Wakati huo huo nikasikia kishindo mlangoni. Mwatime alikuwa ameanguka. Nilikimbia, bawabu alishanitangulia, amemlaza ubavu, kofia yake ameiweka chini ya kichwa cha mdogo wangu, na yule mtu asiyetabasamu alikuwa anamnong'oneza, "Tulia mama, tulia mama, inapita." Nilimshika tumbo. Mtoto alipiga teke kwenye kiganja changu, teke la mtu aliyeamshwa vibaya. Nilishukuru kwa sauti. Mwatime alipofumbua macho alinitafuta, akanipata.

"Dada. Wamesemaje?"

Neno lilikuwa limekwishafika kwenye ulimi wangu. Hakuna. Lingekuwa kweli kwa kipimo cha Nyumba, na lingemuua. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ilinisaidia zaidi.

"Bado hawajamaliza kusema," nilimwambia.

Nilirudi kwenye chekeche nikasimama. Kitu kikitafutwa kisipatikane, kipo? Mdogo wangu alikuwepo. Kabla ya yeye walikuwepo wanawake wengine wenye kifafa, walioolewa, waliobeba mimba, walioogopa. Haiwezekani katika dunia nzima asiwepo mtu hata mmoja aliyewaangalia. Nilisimama hivyo, nikanyamaza, na katika kunyamaza ndipo nikasikia sauti kutoka chini.

Mee.

"Nini hicho?"

"Mbuzi," alijibu Bi Sikudhani. "Wako chini ya chekeche, pamoja na panya na sungura. Hiyo ni kazi ya uzi wa mwisho, nilirithi kwa bibi yangu. Hujui zamani ilivyokuwa. Kuna watu kazi yao ni kutazama wanyama, na wanyama wao walijaa humu mpaka mtu anauliza habari za mwanawe anajibiwa na beberu. Ndipo ukasukwa uzi wa mbuzi: anayenuka mnyama, aanguke, asirudi tena ukumbini. Tangu hapo tunapumua."

Mee, ilisikika tena. Halafu mtu akakohoa.

"Huyo si mbuzi," nilisema.

"Mbuzi nao hukohoa."

"Najua, Bibi. Lakini huyu amekohoa akasema samahani."

Bi Sikudhani akaacha kusuka.

Hakuna ngazi ya kushukia chini ya chekeche, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona haja ya kwenda huko. Niliinua pindo, nikateleza kwa makalio. Na hapa maneno yananivunjikia, mnisamehe, nitayaokota jinsi yalivyoanguka.

Joto. Manyoya. Harufu kali, tamu, ya uani kwa babu.

Macho mengi, ya manjano, mboni zimelala kwa upana.

Muda huko haujapangwa foleni. Nilimwona mama yangu ana mimba yangu, anapepeta mchele. Nilijiona mzee, nimeshika kamba ya chekeche. Niliona mtoto ambaye hajazaliwa anavuta mkia wa mwanambuzi. Sikujua nani kati yao ni kumbukumbu.

Nikajiuliza: mimi ni yule anayetafuta, au ni mmoja wa walioanguka?

Nikajiuliza: waliosuka uzi huu walikuwa wabaya? Hapana. Walikuwa wamechoka na kelele. Kila aliyechoka na kelele hutafuta harufu moja ya kumtupia nje mtu na yote aliyonayo.

Kisha nikawaona. Katikati ya mbuzi, watu. Si wachache.

Aliyekohoa alikuwa mwanamke mpana, amefunga kitenge kifuani, mwanambuzi amemlalia mapajani. Shingo yake haikuwa na ushanga. Usoni mwake zilipishana nyuso za wanawake, wote vijana, wote na ile hali ya mtu anayeusikiliza mwili wake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Naitwa Dawa-ya-Buluu-na-Mimba."

"Marahaba, mwanangu." Alinisogezea nafasi kando yake. "Mimi naitwa Nyamizi. Nimekusubiri sana. Wewe na wenzako."

"Kwa nini uko huku?"

Akacheka mpaka mwanambuzi akaamka. "Kwa sababu ya sentensi yangu ya kwanza. Ukiniuliza niliona nini, naanza hivi: mbuzi ndio walioanza. Maana ndiyo kweli. Kwetu ni nchi kavu. Wanambuzi wetu walikuwa wanatetemeka, wanaanguka, mpaka tukaona waliokula kichaka chenye maua ya buluu hawaanguki. Ndipo watu wakapika dawa. Mimi nilikaa kisimani miaka, nikiwatazama wanawake wenye kifafa waliobeba mimba, wanaokunywa na walioacha. Sasa ningeanzaje bila mbuzi? Nikasema mbuzi ndio walioanza, uzi ukanishika kisigino, nikajikuta hapa. Sentensi ya pili hakuna aliyeisikia."

Nilimkumbatia pamoja na mbuzi wake. Nilinuka siku nzima na sikujali.

Kumpandisha ilikuwa kazi nyingine. Nilisukuma kutoka chini, na mkono wenye pete ya fedha ukashuka kutoka juu ukamvuta. Ulikuwa wa Bi Sikudhani. Alipomwona Nyamizi amesimama mbele yake, anadondosha vinyesi vya mbuzi juu ya nyuzi za rangi, alikasirika kwanza.

"Haiwezekani! Nililijaribu chekeche hili. Nililijaribu! Waliopakwa chokaa hakuanguka hata mmoja!"

"Uliwapaka wapi, Bibi?" nilimuuliza.

"Ukumbini."

"Na ukumbini wanakaa nani?"

Bi Sikudhani alitazama chini ya chekeche. Ukumbini wanakaa waliokwishapita uzi wa mbuzi. Aliwatafuta aliowajua mahali alipopajua, akajifunza maneno yao, akasuka maneno yao, kisha akalijaribu chekeche kwa watu wale wale waliomfundisha kulisuka. Bila shaka lingewashika. Walikuwa wanapigiwa ngoma yao wenyewe. Na nyuso za chini hazikuwahi kuona chokaa.

Niliogopa atavunjika. Badala yake Bi Sikudhani aliketi, akavuta chekeche mapajani, akatafuta uzi wa bibi yake kwa vidole, akaushika.

"Ukate," nilisema.

"Acha haraka, we mtoto. Nikiukata, kesho mtu ataulizia homa ya mwanawe aletewe beberu. Bibi yangu hakuwa mjinga." Midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Nilitambua kwamba namtazama mtu akifanya kazi anayoiweza kuliko wote, na nikaona raha hata katika dhiki yangu. "Kosa lake ni moja. Alimtupa mbuzi na mwenye mbuzi kwa mkupuo mmoja. Sasa sikiliza. Mbuzi aliyekuja peke yake, aanguke. Mbuzi aliyekuja na mtu, apite na mtu wake." Akapiga fundo juu ya fundo, fundo linalokataa na ndani yake fundo linalokataa kukataa, akalikaza kwa meno. "Mwaga tena."

Nilivuta kamba. Mvua ya bati ilisikika upya. Mbuzi walianguka wengi, panya, sungura, na juu walibaki watu, wengi wao wananuka, wanapepesa macho kwa mwanga, wamewashika wanyama wao kamba. Bi Sikudhani aliwatazama wakipanda. Alilia, na hakujali nyuzi.

Bawabu ndiye aliyemsaidia Mwatime kuingia ndani. Tuliwaketisha uso kwa uso, yeye na Nyamizi, na mimi nikakaa katikati nikiwa sina la kufanya, jambo ambalo ni gumu sana kwa dada mkubwa.

"Sema uliyoyaona, mama," Mwatime alimwambia. "Usinifiche kwa kunionea huruma."

"Sitakuficha." Nyuso zikapishana usoni mwa Nyamizi, na sauti yake ikawa ya wengi. "Waliokunywa, wengi walizaa watoto wanaolia vizuri na kunyonya vizuri. Wachache walizaa watoto wenye shida. Na wasiokunywa nao, wachache walizaa watoto wenye shida. Tofauti kubwa sikuiona. Lakini walioacha ghafla walianguka. Walianguka jikoni, walianguka njiani. Wawili niliowapenda walianguka kisimani."

Mwatime alifunika mkono wake wenye kitambaa kwa mkono mwingine.

"Sasa nikwambie nisiyoyajua," aliendelea Nyamizi, "maana hayo pia ni yako. Mimi sikurusha shilingi. Waliokunywa walichagua wenyewe. Labda walikuwa na waume wema zaidi. Labda waliishi karibu na kisima wakapumzika zaidi. Nilijaribu: nikawapima wa karibu na wa karibu, wa mbali na wa mbali, wenye waume wema na wenye waume wema. Jibu halikugeuka. Lakini yako ambayo sikufikiria kuyapima, na siwezi kuyajua kwa sababu sikuyafikiria. Mwingine aje atazame baada yangu. Akiona tofauti, mwamini kuliko mimi."

Nilikuwa nimetarajia kwamba maneno hayo ya mwisho yangemnyong'onyeza mdogo wangu. Wala. Nilimwona amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu tumbo lionekane. Wote waliomzunguka walikuwa wamemwambia acha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Huyu wa kwanza kukiri asichokijua ndiye wa kwanza ambaye Mwatime alimwamini, nami nilimwelewa kabisa.

"Nitakunywa," alisema Mwatime. "Dada, umesikia? Nitamwambia mume wangu nimeamua mimi. Na mama mkwe akitaka kujua zaidi aje amuulize mama huyu mwenyewe." Akageuka. "Ila ni chungu, ile dawa. Nyie mlikuwa mnaimezaje?"

"Kwa maziwa ya mbuzi," alisema Nyamizi. "Sasa ungetegemea nini?"

Tulicheka wote, hata bawabu, ambaye ilibidi ajifunze pale pale namna ya kucheka. Kisha Mwatime akasema jambo ambalo sikumtuma wala sikumtegemea. Aliinuka kwa shida, akamsogelea Nyamizi karibu kabisa.

"Mama, ulisema mwingine atazame baada yako. Anzeni na mimi. Nitazameni. Nikizaa salama, semeni. Nikizaa vibaya, semeni hivyo hivyo, msininyamazie. Kuna mwingine atakuja hapa amefungwa mkono."

Alikuja kutafuta neno moja la kushika. Alikuwa anaondoka ameliacha neno lake kwa watakaokuja. Nilitaka kumzuia, niseme wewe si wa kutazamwa, wewe ni mdogo wangu. Halafu nikaelewa kwamba wote waliokuwa usoni mwa Nyamizi walikuwa wadogo wa mtu.

Jina langu nililikuta nje, kando ya viatu. Nilivaa viatu. Jina nililiacha pale, maana Bi Sikudhani alikuwa ameniambia nirudi kesho, na kweli nilirudi, na kesho ile sijaona mwisho wake hadi leo. Kazi yangu sasa ni kushuka chini ya chekeche kila linapotikiswa. Kila chekeche lina chini yake. Nakuta kila mara mtu aliyeanguka kwa kosa jipya, naye Bi Sikudhani anapiga fundo jingine huku analalamika kwamba nitamuua kwa kazi.

Siku moja, sijui ya mwaka gani, akaja kijana wa kiume. Bawabu alimuuliza amekuja kutafuta nini. Akasema: mke wangu ana kifafa na ana mimba, na dawa yake ni ya buluu. Nilimsogezea kigoda, nikamwambia asilie bado, nikaishika kamba kwa mikono ambayo sikujua imezeeka lini, nikavuta. Watu walipita kwa mlio wa mvua. Vumbi likatulia.

Juu ya chekeche alisimama Nyamizi. Hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye kovu la moto mkononi, mtoto amelala mgongoni, beberu mdogo anatafuna ncha ya kanga yake. Bawabu aliziba pua.

"Na huyu je, apite?"

"Amekuja na mtu wake," alisema Bi Sikudhani. "Apite."

Kijana yule alisimama mbele ya mwanamke huyo, akamuuliza aliona nini. Mwatime, mdogo wangu, sasa naye mtazamaji, alikohoa.

"Samahani," alisema. Kisha akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaanza: "Mbuzi ndio walioanza."